Siku ya zawadi shuleni: namna ya kuiandaa isiwe sherehe ya watoto watatu tu

Shule nyingi za msingi hapa Tanzania zina sherehe moja kubwa kwa mwaka, nayo ni mahafali ya darasa la saba. Maturubai yanafungwa, mgeni rasmi anaalikwa, risala inasomwa, pilau inapikwa. Desemba ikifika shule inafungwa kimyakimya. Mtoto wa darasa la pili anapewa ripoti iliyokunjwa mara mbili, anaambiwa ampelekee mzazi, basi. Ripoti yenyewe huenda isifike nyumbani.

Mwongozo huu unahusu hiyo siku ya Desemba, ambayo wengine huiita siku ya zawadi, wengine siku ya taaluma au siku ya wazazi. Nimeuandika nikiifikiria shule ya msingi ya serikali yenye madarasa yaliyojaa, fedha kidogo na walimu wasiotosha. Wa sekondari na wa shule binafsi watapunguza na kuongeza kulingana na mazingira yao.

Kuna wanaouliza kwa nini shughuli hii isiunganishwe na mahafali ili gharama iwe moja. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa mwezi Septemba, na mahafali yao huwa karibu na hapo, matokeo yakiwa bado. Wakati huo madarasa mengine yako katikati ya muhula wa pili, na mtihani wa mwisho wa mwaka haujatungwa. Ukiwaita jukwaani utawazawadia kwa lipi? Mahafali ni ya kuwaaga walioishi na ninyi miaka saba. Siku ya zawadi ni ya kuonyesha kazi ya mwaka mmoja, na inawahusu wanaobaki.

Nikiwa nimekaa upande wa taaluma, msimamo wangu nauweka wazi mapema: zawadi yenye maana ni ile inayomwambia mtoto alichokifanya. Ukiwaita wa kwanza, wa pili na wa tatu wa kila darasa, kisha ukafunga kitabu, umetumia asubuhi nzima kuwatangazia wazazi jambo ambalo darasa lilikuwa linalijua tangu Machi. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, walipotangaza Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, waliacha utaratibu wa kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Sisi huku chini bado tunasoma nafasi kwenye kipaza sauti, na ziko shule zinazosoma mpaka ya mwisho.

Hatua ya kwanza: panga vigezo Julai

Usingoje Novemba. Muhula wa pili ukianza, mwalimu wa taaluma aombe nafasi kwenye kikao cha walimu, vigezo vijadiliwe, viandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo na ndani ya kila darasa. Kigezo kinachojitokeza wiki moja kabla ya sherehe kina harufu. Mzazi ataona mtoto wa mwalimu amepanda jukwaani mara tatu, naye atasema maneno, na hutakuwa na la kumjibu.

Vigezo vitano vinatosha. Cha kwanza ni kuongoza katika somo. Hapo ndipo vinara wapate haki yao, maana sisemi wafichwe. Wataje kwa somo, usitaje jumla. Utagundua kwamba anayeongoza Kiswahili si lazima awe yule yule wa Hisabati, na mtoto wa nafasi ya kumi na nne ana kitu kimoja anachowapita wote.

Cha pili ni maendeleo, yaani mtoto amesogea kiasi gani tangu Juni. Hiki nitakirudia kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachokosewa sana kwenye hesabu.

Cha tatu ni mahudhurio. Wengi huweka sharti la kutokosa hata siku moja, na hilo silipendi. Linamwadhibu aliyeugua malaria, na linamfundisha mwenye homa aje kuambukiza wenzake. Weka asilimia 95. Kwa mwaka wenye siku 194 za masomo, mtoto aliyekosa siku tisa bado yumo. Hesabu itoke kwenye daftari la mahudhurio. Kama daftari lenyewe limejazwa kwa kalamu moja siku moja, kigezo hiki kiacheni mwaka huu.

Cha nne ni kazi na vipaji: shamba la shule, bustani, usafi, maktaba, kwaya, ngonjera, michezo. Waliofika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya au mkoa waitwe hata kama walifungwa.

Cha tano wachague watoto wenyewe. Mwalimu wa darasa agawe vipande vya karatasi na kuuliza swali moja: nani alikusaidia mwaka huu, na alifanya nini? Asiseme kwamba kuna zawadi. Majibu yatakuonyesha darasa usilolijua. Utakuta kuna msichana anayekaa nyuma, asiyeongea, ambaye watoto kadhaa wameandika kwamba huwaeleza mafumbo ya Hisabati wakati wa mapumziko. Utakuta kuna mvulana mtundu unayemwandika kila siku kwenye kitabu cha adhabu, kumbe ndiye anayembebea begi mwenzake mwenye ulemavu wa miguu.

Weka pia kanuni ya kugawana: mtoto mmoja apewe vyeti vyote anavyostahili, lakini asibebe zaidi ya zawadi mbili za vitu. Zinazobaki ziende kwa anayemfuata.

Je, kila mtoto apewe cheti? Mimi sikubali. Watoto si wajinga. Cheti cha kila mtu wanakitambua kabla hata ya mzazi wake, na jioni utakiokota uwanjani. Lenga mtoto mmoja kati ya wanne. Darasa la watoto 80 litatoa majina 20. Desemba darasa la saba wameshaondoka, hivyo awali mpaka la sita ni madarasa saba, majina 140. Ukitumia sekunde 20 kwa kila jina, ni kama dakika 47. Kumbuka namba hiyo tutakapofika kwenye ratiba.

Hatua ya pili: piga hesabu ya maendeleo vizuri

Njia ya haraka ni kutoa alama za Juni kwenye alama za Novemba na kuwapanga waliopanda zaidi. Njia hiyo ina kasoro. Mtihani wa Novemba ukiwa rahisi, darasa zima litaonekana limepanda. Ukiwa mgumu, hata aliyejitahidi ataonekana ameshuka. Toa kwanza mabadiliko ya wastani wa darasa.

Tuchukue darasa la sita lenye masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wastani wa darasa Juni ulikuwa 140, na Novemba ni 160. Darasa limepanda alama 20 kwa jumla. Mtoto A alikuwa na 132, sasa ana 171. Amepanda 39, ondoa 20 za darasa, zinabaki 19 ambazo ni jasho lake. Mtoto B alikuwa na 215, sasa ana 228. Amepanda 13, ondoa 20, amebaki nyuma kwa 7. B bado ndiye wa kwanza darasani na cheti chake cha masomo anacho. Lakini cha maendeleo ni cha A, ingawa kwenye orodha ya nafasi hutamwona kwenye kumi bora.

Kasoro nyingine iko juu kabisa. Mwenye 280 hana pa kupandia. Usimlazimishe kwenye kigezo hiki, ana mahali pake pengine. Chini nako kuna mtoto aliyepata 40 Juni kwa sababu alikuwa mgonjwa siku mbili za mtihani. Mwalimu wa darasa apitie orodha na kuuliza, hii 40 ilitokana na nini? Kama mtoto hakufanya masomo mawili, alama zake za Juni hazifai kulinganishwa, na mitihani ya mwezi Machi itumike badala yake.

Shule yenye kompyuta moja inaweza kufanya kazi hii mchana mmoja. Isiyo nayo, kikokotoo cha simu na walimu wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, watamaliza darasa kabla ya kengele ya saa nane.

Watoto wa kitengo cha elimu maalumu wasiingizwe kwenye hesabu hii. Wapimwe kwa malengo aliyowawekea mwalimu wao mwanzoni mwa mwaka: kuvaa viatu mwenyewe, kusoma mstari wa nukta nundu, kukaa darasani kipindi kizima. Waitwe pamoja na wengine, katikati ya orodha, wasiwekwe mwisho kama nyongeza.

Hatua ya tatu: darasa la kwanza na la pili waonyeshe kwa vitendo

Kwa hawa wadogo sahau nafasi. Kilichowaleta ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mzazi aliyemleta Januari mtoto asiyejua hata kushika penseli hataki kusikia namba. Anataka kumsikia akisoma.

Kwa hiyo siku hiyo wasome. Mwalimu achague habari fupi ya mistari minne au mitano, mpya, isiyotoka kwenye kitabu walichokikariri. Andika kwa mwandiko mkubwa kwenye karatasi ya manila. Mtoto asogee, asome mstari mmoja au miwili, apokee cheti na kurudi. Aliyekwama asaidiwe na mwenzake, mwalimu asiingilie haraka. Wengine wapewe kuhesabu: mweke mbele yake vizibo vya soda, mzazi yeyote ataje hesabu ya kujumlisha, mtoto apange na kujibu.

Sijaona kipande cha sherehe kinachogusa watu kuliko hiki. Bibi asiyejua kusoma anamsikia mjukuu akitamka sentensi nzima, na hapo hahitaji hotuba ya mtu kumweleza umuhimu wa elimu. Wenye shughuli nyingi hulifupisha jambo hili ili kumpisha mgeni rasmi. Kama kuna kitu cha kufupisha, fupisha kingine.

Tahadhari moja. Mwalimu awajue wale ambao bado hawajaweza kusoma. Wasisimamishwe mbele ya watu kushindwa. Wapewe wimbo, shairi la kuimba pamoja au kazi ya kushika kadi za herufi. Na orodha yao aende nayo Januari, maana hao ndio wa kuanza nao.

Hatua ya nne: tarehe

Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, hivyo siku nzuri iko katika wiki ya mwisho, mitihani ikiwa imesahihishwa na ripoti zimeandikwa. Kabla hujaitaja kwa mtu angalia mambo haya. Kuna gulio au mnada siku hiyo? Ukipambana na mnada umeshindwa. Ijumaa hakikisha mnamaliza kabla ya swala, na Jumamosi kumbuka wazazi Wasabato. Pwani na kaskazini mvua za vuli huwa hazijaisha, na Nyanda za Juu Kusini huo ndio wakati watu wako shambani wanapanda, kwa hiyo wakulima wataomba mmalize mapema au mfanye baada ya mvua kubwa ya kwanza. Uliza wenyeviti wa vitongoji, wanajua kuliko kalenda.

Mvua ikinyesha mtaenda wapi? Jibu lipatikane kabla ya kukodi turubai. Kama shule haina ukumbi, gaweni sherehe kwa madarasa: kila chumba kifanye shughuli yake na mwalimu wake, mgeni azunguke. Kusema kweli, kuna shule zilizofanya hivi kwa kulazimishwa na mvua zikaona ni bora kuliko uwanjani.

Hatua ya tano: fedha

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mchango wa mzazi ni wa hiari, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango ya wazazi. Kwa hiyo usimtume mtoto nyumbani akalete elfu mbili ya sherehe, na usimzuie kuingia uwanjani kwa sababu hakuleta. Peleka bajeti kwenye kamati ya shule, kamati ndiyo iongee na wazazi kwenye mkutano wao, na anayetaka kutoa apite njia iliyowekwa na halmashauri. Muhtasari wa kikao hicho utunze vizuri.

Vitu vingine havihitaji fedha. Mwenye duka la vifaa vya shule kijijini atatoa boksi la penseli ukimwandikia barua yenye muhuri. Mwenye muziki atakuja na spika zake kwa nusu siku kama mwanawe anasoma hapo. Viti viko msikitini na kanisani.

Nunua zawadi mapema, mwanzoni mwa Novemba, na kwa bei ya jumla. Januari bei za daftari hupanda kwa kuwa kila mzazi yuko dukani. Kwa wadogo chukua penseli, vifutio, vichongeo na daftari za mistari. Kwa wakubwa kauntabuku, mkebe wa hisabati, kamusi moja moja kwa wanaoongoza lugha. Mpira wa miguu au wa pete uende kwa timu, usiende kwa mchezaji mmoja.

Sare ya shule ni zawadi nzuri, lakini angalia unavyoitoa. Nimeshuhudia mtoto akiitwa mbele, akakabidhiwa sweta, na mshereheshaji akaeleza kwamba mtoto huyu anaishi katika mazingira magumu. Alikuwa ameongoza Sayansi, ila watu waliondoka wakikumbuka umaskini wake. Msaada wa kijamii upitie kwa mwalimu wa malezi, ofisini, siku nyingine. Jukwaani atajwe kwa kazi yake.

Chakula? Chai na maandazi kwa watoto vinatosha. Pilau ikipikwa kwa meza kuu peke yake, watoto wakilala njaa wakiangalia, afadhali isipikwe kabisa.

Hatua ya sita: vyeti

Cheti kinachosema "kwa kufanya vizuri" hakisemi kitu. Andika jambo lenyewe, kwa mstari mmoja:

Hisabati: Juni alama 9, Novemba alama 27.

Amesoma hadithi ya ukurasa mmoja bila kusaidiwa.

Alimwagilia miche ya miembe kiangazi chote, na miche 11 imepona.

Wenzake wanane waliandika kwamba aliwasaidia kusoma.

Mistari hiyo iandikwe na mwalimu wa darasa, si mwalimu wa taaluma peke yake. Ni kazi ya jioni mbili, na wapo watakaolalamika. Wape orodha yao mapema, wiki mbili kabla.

Fremu ya cheti chapeni steshenari kwenye karatasi ngumu, nafasi za jina na maelezo zikiwa wazi, kisha mwalimu mwenye mwandiko mzuri ajaze kwa kalamu nyeusi. Kuchapa kila kimoja na jina lake ni ghali, na jina likikosewa unachapa tena. Majina yatoke kwenye daftari la uandikishaji, yote matatu. Weka sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule, kisha vipange kwa mpangilio wa kuitwa, vifungwe kwa darasa na kukabidhiwa kwa mtu mmoja asiyekuwa na kazi nyingine siku hiyo. Vyeti vilivyochanganyika mezani ndivyo vinavyoharibu sherehe nyingi.

Hatua ya saba: mgeni rasmi na ratiba

Kadiri mgeni anavyokuwa mkubwa ndivyo itifaki inavyorefuka. Ukimwalika mkuu wa wilaya, jiandae kumsubiri, na kuwatambulisha wote alioongozana nao. Hilo linafaa kwenye mahafali au uzinduzi wa darasa jipya. Kwa siku ya zawadi mwite Afisa Elimu Kata, au mtu aliyesoma shuleni hapo: nesi wa zahanati, fundi umeme, dereva wa lori, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya wazazi waliopo. Watoto watamsikiliza zaidi kwa sababu wanamjua anapokaa. Barua ya mwaliko itaje muda wake wa kuongea, dakika kumi, na mwalimu mkuu amkumbushe kwa simu siku moja kabla, kwa adabu: "Mheshimiwa, watoto watakuwa juani, tunaomba tuzingatie muda."

Risala iwe ukurasa mmoja. Najua mazoea yetu: risala ni mahali pa kuomba vyoo, madawati na walimu wa sayansi. Siku hii iache shida zipumzike. Isomwe na mwanafunzi wa darasa la tano au la sita, na ieleze mwaka ulivyokwenda. Harambee pia isiwepo. Mzazi aliyekuja kumshangilia mtoto akianza kuombwa mifuko ya saruji, mwakani atamtuma kaka wa mtoto.

Ratiba inayotekelezeka ni kama hii:

Saa 2:00, watoto wanafika na kupanga viti. Saa 3:00, wazazi wanapita madarasani kuona madaftari na kazi za mikono. Saa 3:45, awali, la kwanza na la pili wanaonyesha na kupokea vyeti, kisha wanapewa chai na kukaa kivulini. Saa 4:45, mgeni rasmi, wimbo wa taifa, dua na sala, risala. Saa 5:10, vyeti vya la tatu mpaka la sita, ngonjera na kwaya zikiingia kati ya darasa na darasa. Saa 6:00, mgeni anaongea. Saa 6:15, wazazi kuwatunza watoto, na picha. Saa 6:45, wazazi wanaingia madarasani kuchukua ripoti.

Angalia kwamba wadogo hawamsubiri mgeni. Akichelewa, amechelewa yeye, shughuli imeshaanza. Na zile dakika 47 zimegawanywa sehemu mbili, hakuna anayekaa saa nzima akisikiliza majina.

Ripoti ziko mwisho kwa makusudi. Nafasi, wastani na maoni ya mwalimu ni mazungumzo ya watu watatu: mzazi, mtoto na mwalimu wa darasa, kwenye dawati, kwa sauti ya chini. Pia zinawafanya wazazi wabaki mpaka mwisho.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Mshereheshaji awe mwalimu anayewajua watoto. MC wa kukodi atafanya utani na majina, atapiga wimbo katikati ya cheti. Mwalimu aseme jina, darasa na mstari ulio kwenye cheti, basi. Watano wanaofuata wasimame tayari pembeni ya jukwaa na mwalimu wa zamu. Anayekabidhi abadilike kila darasa: mwalimu wa darasa, mjumbe wa kamati, mpishi, mlinzi. Mtoto aliyetunza bustani apokee kwa mlinzi aliyekuwa akimfungulia bomba.

Kutunza nako kuna utaratibu wake. Nje ya geti kutakuwa na wauza mataji ya karatasi zinazong'aa, na wazazi watataka kupanda kumvisha mtoto, kumbandika noti, kupiga picha. Ukikataza utagombana na watu na furaha yao. Ukiruhusu wakati wa vyeti, shughuli inasimama, na mtoto asiye na mtu anabaki amesimama peke yake akiwatazama wenzake. Weka kutunza baada ya vyeti vyote na utangaze tangu mwanzo. Kwa wale ambao mwalimu wa darasa anajua hawatakuwa na mtu, pangieni mlezi wa siku, mwalimu au mzazi mwingine, aje na taji lake na kumvisha kama wake. Jambo hili lipangwe kimya, mtoto asijue kwamba alipangiwa.

Picha piga, lakini usizirushe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto pamoja na jina na alama zake ni taarifa zake. Weka kwenye barua ya mwaliko mstari wa mzazi kukubali au kukataa. Orodha ya alama za darasa zima isiingie kwenye kundi la WhatsApp la kata.

Shule zenye darasa la nne zikumbuke pia kwamba matokeo yao ya upimaji wa taifa hayatakuwa yametoka Desemba. Watumie mitihani ya shule, wasiahidi kitu kuhusu upimaji.

Wanaopanga mbali waandike mwaka 2027 kwa wino mwekundu. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, na walioanza nao wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka huo huo ambao la saba la mwisho linamaliza. Mahafali yatakuwa ya madarasa mawili, na Desemba uwanjani watabaki awali mpaka la tano. Hesabu ya vyeti, viti na wasimamizi itabadilika.

Hatua ya tisa: baada ya wageni kuondoka

Kesho yake, kabla walimu hawajatawanyika, kaeni nusu saa. Mhasibu wa kamati aandike mapato na matumizi, stakabadhi zibandikwe, na karatasi moja ipelekwe ubaoni ili wazazi waisome. Orodha ya waliotunukiwa na sababu zake iingie kwenye faili la taaluma. Mwakani mtaitumia kuangalia kama ni watoto wale wale kila mwaka, kama wasichana na wavulana wanalingana, kama kuna darasa ambalo mwalimu wake aliandika "ana bidii" kwa wote ishirini.

Vyeti vya ambao hawakufika vitenganishwe siku hiyo hiyo. Anayeishi karibu apelekewe na mwalimu anayepita njia hiyo, wa mbali kipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji kikiwa na jina la mzazi juu ya bahasha. Asiye na mtu wa kumpelekea, kisubiri Januari, na aitwe mstarini siku ya kwanza ya masomo, asomewe mstari wake kama wenzake walivyosomewa.

Na mitihani ya kwanza ya mwaka mpya ikisahihishwa, nakala ya alama ibaki kwa mwalimu wa taaluma, kwenye daftari lake maalumu, darasa kwa darasa. Shule nyingi hutaka kutoa zawadi ya maendeleo, zikifika Novemba zinakuta karatasi za Machi na Juni zilifungiwa vitumbua.